Mkono Uliooshwa Bure

Mwanangu Nyangeta,

Kwa masikitiko makubwa, uongozi wa nyumba hii ya Nyasho unautangazia ukoo wote, majirani wa pande zote na wale wanaokujaga kuazima chumvi, kifo cha ghafla cha sufuria yetu kubwa, ile yenye mfuniko usio wake, kilichotokea leo mchana baada ya kuugua moto kwa muda mfupi. Marehemu ameacha sato wawili waliokuwa ndani yake, nao hali zao ni mbaya. Paka wa jirani alikuja kutoa pole, akawatazama, akaondoka bila kusema kitu. Mazishi yamefanyika nyuma ya choo.

Kabla hujaja mbio kunichungulia macho: sikuanguka. Nilikuwa nimeingia ndani kutafuta kalamu ya kuandikia barua hii, nikaipata, nikaanza kuwaza neno la kwanza, samaki nao wakaendelea na safari yao bila mimi. Mama yako ametoa hukumu papo hapo na nimefukuzwa. Sasa nimekaa dukani, hapa Mwisenge, mashine ya fotokopi imepoa, jua linaelekea kushuka, na wewe uko nyumbani unafungasha. Barua nitakupa kesho stendi, na nitakuomba usiifungue mpaka basi liipite Bunda.

Sitakuandikia habari za begi, wala za marafiki, wala za kula vizuri. Mama yako ameshazisema, shangazi yako kazirudia, na yule mama wa vitenge ng'ambo ya barabara, ambaye hakuna aliyemuuliza, kaongeza zake. Ninaandika kwa sababu ya jambo moja. Juzi shangazi yako Perusi alipokuja kutoka Bunda, alinivuta pembeni akaniambia ulichomwambia: kwamba unaenda Mbeya kwa kuwa sote tumekushikia kiboko, ila ukija likizo ya kwanza ndiyo umerudi moja kwa moja. Chuo basi. Utakaa dukani na mimi. Alipokuuliza kwa nini, ukamjibu, "Shangazi, mimi ndiye niliyemfanya Baba hivi. Nitamwachaje?"

Siyo wewe, Nyangeta. Hilo ndilo neno nililokuwa nikilitafuta samaki wakiungua. Siyo wewe, na mimi nimejua miaka yote hii kwamba siyo wewe. Nitakueleza ilivyokuwa, ila nivumilie nizunguke kidogo. Ujana wangu niliumalizia kwenye lori la pamba, na barabara zetu zilinizoesha kulitazama shimo vizuri kabla ya kuliingia.

Tuanze na huu mstari wangu. Unatokea kwenye nywele, juu ya jicho la kushoto, unateremka hadi kwenye nyusi, umebonyea kama mtu aliyeburuta kidole kwenye ugali wa moto. Nywele hazioti hapo, nyusi imekatika, na ngozi inang'aa kama kiatu cha mwalimu mkuu siku ya ukaguzi. Wageni wote wanadhani ni panga. Kuna askari mmoja wa kizuizi cha barabarani aliwahi kuniuliza kwa sauti ya chini kama niliwahi kwenda kuiba ng'ombe. Nikamjibu nilienda, ila ng'ombe wenyewe ndio walionikamata.

Lakini nyumbani kwetu kila mtu alikuwa na jibu lake: Nyangeta alimpiga baba yake na jembe, shambani Bunda, akiwa na miaka mitano. Nami nilivyo mpenda kuchekesha, jibu hilo nililifanyia maonyesho. Mteja akikodoa macho kwenye paji langu, nilisema, "Hii ni saini ya binti yangu. Alinisaini kabla hajajua kuandika." Watu wakaangua kicheko. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unacheka na wewe, unainua mkono juu kama bingwa wa ngumi. Ulipoingia kidato cha pili ukaacha kucheka. Ulikuwa unachukua ndoo unatoka nje. Niliona. Nikaendelea kuusema ule mzaha, kwa kuwa wateja walikuwa bado wanacheka.

Aliyeifanya hadithi ile igande kama saruji ni bibi yako. Unajua jinsi alivyokuwa. Siku ya pili yake alituchukua wote akatupeleka kwake Butiama, mimi nikiwa na kitambaa kichwani, wewe umebebwa.

"Mtoto kamwaga damu ya baba yake," akasema. "Huo mkono haukai hivyohivyo. Atakulaje chakula nao? Atamshikia nani mtoto siku akikua?"

"Mama, ni mtoto mdogo," nikasema.

"Damu inaulizaga umri?"

Akachinjwa mbuzi. Yakatolewa majani ya tumboni mwake, yakapakwa kwenye mkono wako wa kulia na kwenye paji langu, halafu mkono ukaoshwa kwa maji ya mtoni mbele ya wazee. Ukaambiwa useme, "Baba, nimekukosea." Ulikataa. Ulifunga mdomo mpaka mashavu yakavimba. Bibi yako akakushika kidevu kwa upole, maana alikupenda, wewe ni somo yake wa jina, akakuambia, "Sema, somo yangu, liishe." Ukasema. Wanawake wakapiga vigelegele, nyama ikaliwa. Mimi nilipewa ini, kama baba aliyekosewa. Nikalila.

Kwetu ile haikuwa adhabu, na usimchukie bibi yako kaburini. Ilikuwa rehema. Mkono unaoshwa, neno linakwisha, hakuna wa kulitaja tena. Shida ni kwamba mkono wako ulikuwa safi tangu mwanzo. Mtoto aliyeoshwa mkono safi anabaki anautazama maisha yake yote, akitafuta kilichokuwa kimeoshwa. Mimi nilikuwepo, nilijua, ningeweza kusimamisha shughuli ile kwa maneno mawili, na mdomoni mwangu kulikuwa na ini.

Halafu ikaja safari ya Mwanza. Unaikumbuka kuliko mimi. Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kuanguka mbele za watu, na nimeshapewa majina yote ya ugonjwa: mapunye, kurogwa, ukoma, hasira za mababu. Ulikuwa kidato cha tatu, ukaomba ruhusa shuleni, ukanisindikiza. Yule daktari wa ngozi alikuwa mpole, akapapasa mstari kwa kidole gumba kana kwamba anasoma.

"Mzee, huu ugonjwa ni wa nadra," akasema. "Kinga ya mwili inayotakiwa kupigana na vijidudu imekosea adui, inapigana na ngozi yako. Ngozi inavimba kwa ndani, halafu inakauka, inakuwa ngumu. Na kwako haikuishia kwenye ngozi."

Ile picha ya kichwa alikuonyesha wewe, siyo mimi, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unauliza maswali ya maana. Mimi niliuliza tu kama naruhusiwa kula sangara. Akakuonyesha madoa meupe kwenye ubongo, moja kwa moja chini ya mstari, upande uleule. Hapo ndipo kifafa changu kinapoanzia, akasema. Ugonjwa una jina refu la Kizungu ambalo wewe unaliweza. Mimi nikilitamka meno yanagongana. Hauambukizi. Wala hukuurithi kwangu kama ulivyorithi pua. Vidonge vya kutuliza ile kinga vitausimamisha, vingine vitazuia kuanguka, ila kilichobonyea kimebonyea.

Ukamuuliza, "Unatokana na nini, daktari?"

"Kwa kweli hatujui. Aliwahi kuumia hapo?"

Ukajibu kabla sijafungua mdomo. "Ndiyo. Nilimpiga mimi. Na jembe, nilipokuwa mdogo."

Daktari akaweka kalamu chini. Alikuhurumia, nilimwona. "Wapo wagonjwa wachache wanaosema ulianza baada ya kuumia," akasema. "Kwa baba yako siwezi kusema ndiyo, siwezi kusema hapana. Na hata ingekuwa ndiyo, ulikuwa mtoto."

Yeye hakuweza kusema. Mimi ningeweza. Nilikuwa nimekaa kati yenu, kofia mapajani, nikalitazama feni la darini kana kwamba nimetumwa nilinunue. Ulitoka mle chumbani na jambo lililokuwa la kijijini limeshapata muhuri wa hospitali. Kwenye basi la kurudi, tulipofika Lamadi, uliniambia, "Baba, kaa huku mbali na mlango."

Tangu siku ile umekuwa askari wangu. Sisongi ugali, sikaribii jiko la mkaa, sinyoi ndevu mlango ukiwa umefungwa. Nikiingia kuoga unakaa nje kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Baba, uko?"

"Nipo."

"Imba basi nikusikie."

Naimba. Nyasho nzima inajua nyimbo zangu za kwaya na hakuna aliyewahi kuomba nirudie. Ziwa liko pale, upepo wake unaingia mpaka humu dukani na harufu ya dagaa wanaoanikwa, na mimi sijatia mguu majini bila mtu kunishika shati. Mtu niliyekuwa naamka Musoma, nakunywa chai Bunda, nalala Shinyanga, siku hizi nikivuka barabara kununua vocha watu wanasimama kuhesabu hatua zangu. Nimelalamika sana, umenisikia. Nimekuita mkuu wa magereza.

Lakini hili hukulisikia: nilikuwa nafurahi. Kila mara uliposema "Baba, uko?", kuna kitu ndani kilikuwa kinatulia. Mwaka jana ulipoiachia ile nafasi ya kwanza ya chuo, ukasema utajaribu mwakani, nilikugombeza mbele ya mama yako, nikapiga na meza. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikashukuru. Mfungwa naye anamzoea mlinzi wake. Akimpenda, anasahau kabisa kwamba aliyekaa nje ya mlango naye hatoki.

Sasa hivi ameingia fundi cherehani wa hapa jirani, kaniona naandika.

"Baba Nyangeta, leo huna askari?"

"Askari anafungasha."

"Kesho nani atakulinda?"

"Wewe hapo. Ulishasahau?"

Hajasahau. Nilimfundisha wiki iliyopita: nikianguka anilaze ubavu, aondoe vya kugonga, asubiri, na asinitie kijiko mdomoni. Kijiko ndicho kilichomuuma, maana alishachagua kizuri. Mama yako naye anajua, na vidonge ninavimeza, hata vile vya kila wiki vinavyonigeuza tumbo. Sikuandikii haya ili unisifu. Ni ili ujue kwamba kile kiti ulichokuwa unakirudia kina watu.

Mama yako nilimwambia kwanza, Jumapili, akiwa anachambua mchele.

"Kwa hiyo hakukupiga?"

"Hakunipiga."

"Na yule mbuzi?"

"Yule mbuzi tulimwonea."

Akacheka, mama yako, unamjua, akacheka mpaka ungo ukatikisika. Halafu kicheko kikakatika kama umeme. "Baba Nyangeta," akasema, "mimi nimemfinya mtoto kwa ajili ya hilo paji lako. Nimemwambia maneno. Na wewe upo tu." Akaurudisha mchele wote kwenye gunia, uliochambuliwa na usiochambuliwa. "Unamwambia mwenyewe. Na mwambie yote."

Basi yote ni haya.

Mstari niliuona kwenye kioo cha lori, msimu mmoja kabla ya siku ile ya shambani. Ulikuwa alama tu, kama kucha imepita, ngozi imepauka na nywele chache zimepukutika. Nikadhani mapunye, nikanunua dawa ya kupaka, nikavaa kofia. Baadaye mkono wa kulia ukaanza kucheza wenyewe kwenye usukani. Vidole vinaruka, mdomo unavutika upande, dakika haijaisha vimetulia. Mara moja nilizinduka nimelala juu ya usukani, lori limesimama kando ya barabara, mate kifuani, wala sijui nilisimamaje. Nilijua hicho ni nini. Nilishamwona mtu akianguka mnadani na watu wakamkimbia kama nyoka, hata ndugu zake, wakiogopa povu lake. Nikajisemea hakuna atakayejua. Wangejua, lori lingeondoka, na jina langu lingebadilika. Ningeitwa yule mwenye kifafa mpaka kufa.

Na ujue hofu ile haikuwa na akili hata kidogo: niliendelea kuendesha hata baada ya shambani, mpaka siku niliyotoka barabarani karibu na Butiama nikalala na lori katikati ya mtama wa watu. Mtama ndio ulioumia peke yake. Nikamrudishia tajiri ufunguo, nikamwambia macho yamechoka. Hata hapo sikumwambia kweli. Kila nikikumbuka ile njia na watoto wa shule wanaopitaga kandoni mwake, nakaa chini.

Sasa shamba. Ilikuwa wakati wa palizi, pamba ya shangazi yako bado iko magotini. Bibi yako na Perusi walikuwa wametangulia mbele kwenye matuta, wametupa mgongo. Mimi nilikuwa nyuma na wewe pembeni yangu, huna jembe, umeshika kijiti, unanisimulia habari ndefu ya mbwa wa jirani aliyekula sabuni. Ulikuwa umefika pale mbwa anapotoa mapovu, ukawa unacheka mwenyewe, ndipo mkono wangu wa kulia ulipoanza. Jembe likaniponyoka. Nilitaka kukaa chini taratibu nisikutishe. Sikuwahi. Mguu ulikataa, nikaanguka kifudifudi, na paji la uso likatua kwenye jembe langu mwenyewe, pale pale ulipokuwa mstari.

Fahamu zangu zilikuwa zinakwenda na kurudi kama redio mlimani. Niliuona udongo. Nikaiona mikono yako miwili imeshika mpini, unavuta, unavuta na nguvu zako zote, unalitoa lile jembe chini ya kichwa changu kwa kuwa lilikuwa linaniumiza. Hakuna aliyekufundisha. Daktari wa Mwanza alipotuambia tuondoe vitu vya kugonga, wewe ulikuwa umeshafanya ukiwa na miaka mitano.

Ukalitoa. Ukasimama nalo, lina damu. Ndipo shangazi yako alipogeuka.

"Umemfanya nini baba yako?"

"Ameanguka."

"Na hilo jembe?"

"Nimelitoa."

"Usidanganye, wewe mtoto!" Hiyo ni sauti ya bibi yako, anakuja anakimbia, kanga imemvuka.

"Ameanguka mwenyewe. Mkono wake ulikuwa unaruka. Hivi." Na ukawaonyesha, ukarusha vidole vyako hewani. Hakuna aliyekutazama. Walikuwa wananitazama mimi, ninavyotetemeka, na kwao mtu aliyepigwa kichwani hutetemeka.

Nilirudi vizuri nikiwa nimelazwa kwenye mapaja ya Perusi, kitambaa kinabana paji. Akaniinamia. "Kaka, kakupiga?"

Nilikuwa na akili zangu zote, Nyangeta. Nilisikia swali na nikalielewa. Nikaona njia mbili, moja ina kifafa, nyingine ina mtoto mtundu. Na hata ile ya pili sikuipita kwa uso mkavu, maana sikusema ndiyo. Nilisema, "Ni mtoto tu. Msimpige."

Wakanisifu. Mpaka leo kuna watu Bunda wanaosema Baba Nyangeta ana moyo, alipasuliwa kichwa na mwanae akamwombea.

Wewe ulikuwa umesimama miguuni pangu, wameshakunyang'anya jembe. Hukulia. Ulisubiri wote wanyamaze, halafu ukachuchumaa karibu na sikio langu, ukaniambia mimi peke yangu, taratibu, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kitu alichosahau, "Baba, ulianguka."

Nikafumba macho.

Ndiyo, mama. Nilianguka. Wewe ulilitoa jembe.